Kilo Nne na Robo

Jayantilal hakuzifungua.
Aliziinua albamu tatu za babangu
kama mtu anayekadiria papa mkavu,
akaziweka kwenye mizani ya kupimia fedha chakavu,
akangoja mshale utulie.
"Kilo nne na robo," akasema. "Pamoja na majalada."

Mimi nilikuja na hesabu yangu kichwani:
bati kumi na nane, misumari, ujira wa fundi.
Hesabu ya kurithi. Kila masika yalipotuhamisha
na sufuria kutoka tone hadi tone,
baba alielekeza kidevu kabatini:
"Ngojeni. Nyumba imo humo vitabuni."

Alikuwa mpanga barua, Posta ya Digo Road,
miaka thelathini na mmoja ya kusoma majina ya wenziwe.
Jioni alirudi na bahasha alizoziomba
kwa makarani wa forodha na wa meli,
akazikata pembe, akaziloweka
katika bakuli la buluu tulilokatazwa kulinywea uji.
Gundi iliachia polepole.
Malkia akaelea kifudifudi,
akafuata twiga, kombe za pwani, garimoshi,
rais wa nchi iliyokwisha kubadili jina.
Akazianika juu ya gazeti
na kutuamuru tusipige chafya.

Tuliijua Hungaria kabla ya kuijua Voi.

"Zamani," akasema Jayantilal,
"Jumamosi foleni ilifika kwa muuza leso.
Watoto wa shule, na senti zao za mandazi!
Sasa kijana akiona stempu aniuliza
hiki kibandiko ni cha nini.
Wazee wafa, wajane waleta,
wiki hii albamu, wiki ijayo albamu,
nami nimekuwa kaburi la karatasi."

Akapekua kurasa mbili, kwa adabu tu.
Kisha akauliza:
"Bahasha ziko wapi?"

Maana mnunuzi aliyesalia, yuko ng'ambo huko,
hataki stempu iliyooshwa.
Ataka bahasha nzima, muhuri mzima,
jina la mwandikiwa, hata doa la chai.
Babangu aliiosha thamani kwa mikono yake miwili,
kisha maji akaumwagia mkomamanga.

Mia nane kwa zote.
Nikaanza kuzifunga kwenye leso,
ndipo akakiona kioo cha kukuzia, mpini wa shaba.
"Hiki, elfu mbili na mia tatu."
Nisiseme uongo. Nilikiuza.
Bati mbili, na nauli ya tuktuk.

Kibokoni nilimkuta mama akichambua mchele.
Nikamweleza habari ya bahasha.
Akautua ungo, akaingia ndani,
akatoka na mkebe wa biskuti ulioshika kutu.
Bahasha za baba, zote na pembe iliyokatwa,
na migongoni mwandiko wa mama, wino wa kila rangi:
*Mama Rukia, mahamri sita, hajalipa.*
*Bi Tima, mbaazi, kalipa nusu.*
*Fundi wa paa, 1983, ameahidi.*
"Babako alitaka dirisha," akasema.
"Mimi nikauchukua ukuta."
Akarudi kwenye mchele wake.

Usiku mvua ikaja. Tukazipanga sufuria,
kila moja pahali pake, bila taa, kwa mazoea.
Nikafungua albamu ya kwanza,
nikaimulika kwa simu, nikaikuza kwa vidole viwili:
stempu ya senti thelathini, na juu yake
robo ya muhuri, tao jeusi,
MOMB, kisha kumi na nne.
Mwezi haupo. Mwaka haupo.
Vilibaki upande wa pili wa mkasi.

Nikauvuta mkebe.
Nikaichukua bahasha ya juu, nikaisogeza
mpaka pembe ikakutana na pembe.
Haikukaa.
Nikachukua nyingine.