Nondo, Milimita Sita

Picha ya kwanza ya Kabugho ilikuwa ukungu mtupu:
ukuta mweupe wa wodi ya wazazi, Bundibugyo,
taa ya sola, na katikati kidoa
kama punje ya ulezi iliyoota mbawa.
Chini ameandika: Huyu nani?

Si "hiki nini". Huyu nani.
Nami Entebbe, na masanduku yangu ya pini na kafuri,
nikaikuza picha hadi ikawa vigae vya kijivu,
nikapangusa miwani, nikaikuza tena,
nikamjibu: Nondo. Zaidi ya hapo sijui.

Nondo. Lugha yetu nayo ina mzaha:
neno lile lile la chuma cha milimita kumi na mbili
kinachoshikilia ghorofa.
Niliwahi kumwambia fundi kwamba kazi yangu ni nondo,
akaniuliza bei.

Nikamfundisha. Weka kitu cha kupimia.
Akaweka sarafu ya shilingi mia,
na mgeni hakufika hata nusu ya pembe ya ng'ombe.
Zima flashi. Shusha pumzi kabla ya kubonyeza.
Mbawa amezitandaza, au amezikunja kama paa la kibanda?
Vipapasio ni uzi au ni unyoya?
Akanitumia picha tisa usiku mmoja. Ya saba imetikisika:
Samahani, aliandika, kuna mama alikuwa anasukuma.

Wengine nawajua kwa ukoo tu,
kama unavyomjua mtu kwa mwendo, akiwa mbali barabarani,
na jina linakataa kuja.
Huyu mwenye mkanda wa dhahabu begani
nathubutu kumtajia jenasi, kwa kalamu ya risasi.
Huyu wa rangi ya majivu ana ndugu arobaini,
wote wamevaa koti moja,
na kinachowatenga kimo tumboni,
hakionekani ila kwa sindano na hadubini.

Nikaandika: Muue. Mtie kwenye chupa, mtume kwa basi.

Siku mbili kimya.
Kisha: Daktari, humu ndani kazi yangu ni kuwatoa wakiwa hai.
Na picha nne, zote mbovu:
glasi ya chai iliyofunikwa kwa karatasi ya kliniki,
dirisha,
kiganja,
giza.

Kwenye karatasi ile, anasema, limebaki vumbi la mbawa,
limeng'aa kidogo juu ya uzito wa mtoto wa mtu.

Nimemwandika daftarini.
Safu ya spishi iko wazi,
chini ya wengine mia mbili na kumi na moja walio wazi pia.
Mahali: ukuta wa wodi. Mwanga: sola.
Aliyemwona: Kabugho, mkunga.
Kwenye safu ya maelezo, ambako huandika madoa na mistari,
nimeandika tu:
aliondoka saa kumi alfajiri, anaruka vizuri.