Tangi la Chini

Hozza kalileta Jumatatu, tela la kulala la mzungu wa mkonge,
likivutwa na trekta hadi Barabara ya Kumi na Nane,
magurudumu bapa, mapazia bado yana maua.
Anataka liwe chumba cha wageni kule Kigombe.
"Choo kinavuja," akasema, akitazama pembeni
kama mtu anayemtajia mfamasia ugonjwa wa siri.

Nikalala chali juu ya gunia.
Tangi limening'inia kwa mikanda miwili ya chuma;
mmoja umeliwa na chumvi, unameguka kama mkate wa juzi.
Nikaligonga kwa kifundo cha kidole:
hapa twa, hapa twa, hapa — du.
Hapo kumekaa kitu.

Mavi ya kale hayanuki, wanasema.
Waliosema hawakuyatia maji.
Mimi niliyatia, ndoo tatu, na buluu ya kufulia
nipate kuona yanapotokea,
na jirani yangu Bi Mwanakombo akafunga dirisha,
akalifungua kunitukana, akalifunga tena.

Buluu ikatoka kwenye kona, uzi mmoja,
ikateremka polepole hadi kwenye kiwiko changu.
Ufa wa shibiri. Na vali imeng'ang'ania,
mpira wake umekakamaa.
Nilipoing'oa, kikaniangukia kiganjani
kijiswaki cha mtoto, chekundu,
nywele zake zote zipo.
Sikujua nikiweke wapi. Nikakitia mfukoni.

Plastiki haioani na plastiki yoyote.
Ya ndoo haitaki, ya dumu haitaki,
hushikana usiku, asubuhi zimeachana.
Hii inataka ya ukoo wake:
ganda la helmeti ya mdogo wangu Semboja,
ile iliyopasuka pale Mabanda ya Papa,
yeye akabaki na kichwa.
Nikaikatakata kwa msumeno,
nikaenda saluni kwa Mwasiti kuomba asetoni
ya kufutia rangi za kucha,
nikailoweka hadi ikawa uji mweusi, mzito.
Mama akaniona.
"Helmeti ile nilikuwa naitunza."
Nikamwambia, "Bado inatunzwa."
Hakucheka.

Nikatoboa ncha mbili za ufa usikimbie,
nikakwangua, nikapaka, nikasubiri, nikapaka.
Siku mbili. Kisha maji tena, na buluu,
na gazeti chini yake usiku kucha.

Alfajiri gazeti kavu.

Hozza alikuja na hela pungufu na maneno mengi,
akauliza nilikuta nini humo ndani.
Nikamjibu, mkono mfukoni:
"Ya watu."