Ukoko wa Chumbageni

Walilipa ili wachafue mikono.
Hilo mimi lilinishinda kulielewa.
Miaka thelathini na moja napikia shughuli za watu,
Ngamiani Barabara ya Kumi na Mbili mpaka Makorora,
sufuria la watu mia mbili nalipindua kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe,
na malipo yangu ni ahadi, na doti moja ya kanga.
Hawa sita, uani kwa Fumie,
wamezipanga noti mezani
wafundishwe kuosha mchele.

Fumie alikuja Tanga kwa habari za mwani.
Mradi ukaisha, yeye akabaki.
Kiswahili chake amekiokota soko la Mgandini,
kinanuka dagaa, wala hakionei haya.
"Osheni," akasema, "mpaka maji yaseme kweli."
Maji ya kwanza, maziwa.
Ya pili, ukungu wa Lushoto.
Ya tano bado yanadanganya.
Bwana wa Uswisi akaitazama saa yake.
Mama wa Arusha, aliyejileta likizo bila mume,
akazamisha mikono na bangili zake
akasugua kama anayefuta deni.

Mchele wa Mombo, niliuchagua mimi.
Kwetu wali ukigandana
mpishi hutokea mlango wa nyuma.
Kwake usipogandana
umepoteza mkaa bure.
Nikanyamaza. Nimeajiriwa kupuliza jiko.

Kisha maji kiganjani, chumvi kidogo,
kipande cha ng'onda katikati kilichokamuliwa limau,
na mkono wa juu uwe paa la nyumba:
bonyeza, geuza,
bonyeza, geuza,
usimnyonge mtu, usimwachie.
La kijana wa Kanada likabomoka mara nne.
Akauliza hiki kitu kinaitwaje.
Fumie akataja jina la kwao,
nikalisikia, nikaliacha lipite.
Mimi nalijua. Ni tonge
lililovaa koti jeusi la mwani.

Mama alikuwa akifinyanga hivyo hivyo
mwaka mkonge ulipokosa bei na baba akarudi na panga lake kwapani:
matonge saba, watoto saba,
yamelingana hata ungeyapima kwa mizani,
na sahani yake yeye
akiifunika mapema, tusione.

Labda ndiyo maana sikuinusa.
Sufuria la pili lilikuwa limeshika chini.
Harufu ikapanda, ikazunguka ua, ikanikuta mimi wa mwisho.
Mimi! Mwantumu binti Mbaruku!
Wageni wakatazamana.
Nikashika kanga yangu nikingoja neno.

Fumie akainua pua kama paka.
Akakaa chini na sufuria mapajani,
akakwarua, akakwarua,
likatoka bamba moja, rangi ya asali, pembeni limeungua.
Akalivunja bakulini,
akalimwagia chai ya Bumbuli, ile ya majani mabichi
isiyokubali maziwa wala tangawizi.
Likalia *tsss*.
Matonge yote mazuri yakasahaulika kwenye sinia,
vidole kumi na vinne vikagombania bakuli.

"Kwetu," nikasema, "mla ukoko
siku ya harusi yake hunyeshewa."
"Ilininyeshea," mama wa Arusha akajibu mdomo umejaa.
"Turubai likaangukia keki.
Leo sina cha kuogopa."
Fumie ana miaka arobaini na sita, hajaolewa.
Akachagua kipande kikubwa kuliko vyote.
"Basi inyeshe."

Walipoondoka, noti za mezani akazigawa mafungu mawili
bila kuhesabu kwa sauti.
La kwangu lilikuwa na noti moja yenye alama ya dole gumba,
wanga wa wali umeikaukia.
Hiyo sijaitumia.

Jioni wingu likaja kutoka upande wa Muheza.
Nikatoka mbio kuanua nguo.