Gramu Mia Sita na Kumi

Rhian wa jirani, miaka tisa, mapengo mawili,
alikuja na mizani ya unga ya mama yake
na ndani ya glavu za bustani
tufe la miiba, likihema.
"Chini ya mia tano hafiki Machi,"
alisema, kama hakimu anayesoma hukumu.
Mshale ukayumba, ukasita: mia sita na kumi.
Tukashusha pumzi sote watatu.

Hiyo ilikuwa Oktoba, Ludlow,
mitufaha imekwisha kupukutisha ya kupukutisha,
na mimi nina kiberiti mfukoni.
Wiki nzima nilikuwa nimekusanya majani, lundo la kimo cha kifua,
nikingoja usiku wa fataki niyachome kama wenzangu.
Asubuhi nikakuta kipande cha boksi kimechomekwa pale,
kalamu nene, herufi kubwa:
AMELALA MTU.
Mtu! Nikacheka peke yangu.
Nikarudi ndani na kiberiti changu.

Kwetu kipupwe ni shuka ya pili
na tangawizi kwenye chai.
Hapa ni jambo la kufia.
Mbayuwayu, wenye nauli yao, wameshaondoka;
huenda sasa hivi wanakata juu ya bati la mama,
wala hawajui kuwa wanapita kwa mtu wangu.
Kindi hakulala: anafukia, anafukua,
mweka hazina aliyesahau alikoficha.
Chini ya daraja la mto Teme popo wamening'inia
kama miavuli iliyoachwa kanisani.
Kwenye banda la baiskeli kipepeo kajibandika ukutani;
nilitaka kumfagia, nikidhani ni ganda la kitunguu.

Na kalunguyeye yuko kwangu, halipi kodi.

Usiku nashika viganja vya wazee, nahesabu mapigo:
sabini na mbili, hamsini na nane,
Bi Tranter wa chumba cha sita, arubaini na tisa, na bado ananitania.
Nikirudi alfajiri, barafu ikivunjika chini ya viatu,
nasimama kando ya lundo, sare yangu ndani ya koti.
Humo chini moyo uliokuwa ukikimbia mia na themanini
sasa unapiga ishirini, labda.
Pumzi moja.
Kisha kimya kirefu,
kirefu hata muuguzi mzoefu
angekwisha kuita daktari.

Ndipo nikamkumbuka kamongo.
Mwaka wa ukame, Musoma, tunafyatua matofali,
jembe la kaka Magesa likapasua udongo mkavu kama kigae,
na ndani, katika mfuko wa ute wake mwenyewe,
samaki mzima, amejikunja,
mkia umemfunika macho kama asiyetaka kuamshwa.
Yule alikimbia jua, huyu kakimbia theluji,
na hila ni ileile: usipoweza kuhama, pungua.
Punguza joto, punguza moyo,
pungua hata majira yakupite
yakidhani hapa hapana mtu.

Tulimla, yule kamongo. Alikuwa mtamu.
Rhian sijamwambia.

Januari theluji ilianguka siku nne.
Februari mvua, mto ukapanda hadi kwenye benchi la wavuvi,
na boksi likalowa, wino ukavuja
mpaka pakabaki MTU peke yake.
Bi Tranter hakuiona Februari.
Nilikunja shuka zake, nikarudi nyumbani,
sikusimama kwenye lundo siku hiyo.

Machi, Jumamosi, Rhian akagonga dirisha.
Ubavuni mwa majani palikuwa na shimo la upana wa ngumi,
na njiani, juu ya jiwe,
kinyesi cheusi kidogo, kibichi,
kinametameta mbawa za mende.
Akachuchumaa, akakisoma
kama mtu aliyepokea barua.

Yeye mwenyewe hatukumwona.
Tukaweka sahani ya maji,
tukairudisha mizani,
maana mama yake alikuwa mlangoni, mikono kiunoni,
anataka kupima unga.