Bei ya Kikapu

Usiniulize bei hujakishika.
Tia mkono, zamisha hadi kiwiko.
Mstari wa buluu ni pakiti za sabuni ya unga,
mwekundu ni za biskuti,
na huu mweupe, unaokwaruza kidogo,
ni chupa za maji, nilizozichana kwa wembe
hadi kidole hiki kikaota sugu.

Aprili ile mto ulipita Jangwani bila hodi,
nyumba kwa nyumba,
ukazoa sufuria, kandambili, daftari la madeni la dukani
(wapo walioshukuru),
ukaenda kuvitapika Salenda.
Siku ya tatu tukashuka na viroba,
mimi na Sikudhani,
tukiokota hata ndala isiyo na mwenzake.
Nikaokota beseni langu mwenyewe.
Lina kovu la moto ukingoni, nalijua.
Nilicheka hadi nikakaa kwenye tope.

Bibi alinifunza ukili kwa ukindu wa Kisarawe:
juu, chini, ruka mbili.
Ukindu huoza.
Huu wangu hauozi;
ndiyo sifa yake, ndiyo kesi yake.

Sasa wewe wasema elfu ishirini nyingi
kwa kitu cha jalalani.
Dada, hakuna kilichozaliwa jalalani.
Vyote vilitoka mkononi.
Wangu.
Wako.

Haya, lete kumi na nane, jua linazama na sijauza.
Na hiyo chupa yako, ukimaliza maji,
niachie hapa.
Kuna mpini wa Sikudhani
umepungua shibiri moja.