Kukunjua Si Kuuza

Mwalimu wa Azzan ametaka neno.
Kila mtoto alete moja, la nyumbani kwao,
la akili isiyotia komeo ikibishiwa hodi.
Waarabu wanalo: infitahi.
La Kiswahili, mpwa wangu ananitazama
kana kwamba nimelificha mfukoni.

Nikampa *uwazi*. Akaandika. Akafuta.
"Mama mdogo, wazi si tupu pia?"
Kweli. Kiti wazi hakina mtu.
Kichwa wazi hakina kofia,
na vipo nivijuavyo, hata ndani hamna kitu.

Jumatano tukalipeleka swali sokoni Ibra,
soko la wanawake, kwa bibi yake, Bi Ghaniya.
Ana mteja kutoka Sinaw, wa kumi na saba kukunjuliwa,
na bado anaonyesha kile cha chini kabisa.

"Ukunjufu," mama akasema bila kugeuka.
"Tazama. Kikikunjwa, waona ukingo tu.
Kikunjue, ndipo umjue fundi,
ndipo ulione na tundu la nondo."

Mteja akapapasa, akanusa, akashukuru,
akaenda zake mikono mitupu.
"Bibi, hakununua!"
"Nani kakwambia kukunjua ni kuuza?"
Akavikunja upya, pembe kwa pembe,
ila havikukaa kama mwanzo.

Hapo Azzan akatoa kijiwe
chenye chaza ndani yake, kimeganda,
alichookota mlimani na baba'ke.
"Bibi, mlima ule ulikuwa chini ya bahari."

Uso wa Bi Ghaniya ukakunjika,
paji, nyusi, midomo,
kama leso ya kufungia pesa.
"Nani kakudanganya? Ibra na bahari, wapi na wapi!"

Daftari likafungwa.
Nilitaka kusema kitu, nikameza.
Nami ninazo zangu kabatini,
zimekunjwa tangu ujana,
sithubutu kuzitazama kwenye mwanga.

Jua likapanda. Majirani wakaanza kufunga bidhaa,
mmoja anahesabu baisa kwa sauti, anakosea, anaanza tena.
Mama akakiokota kijiwe juu ya vitambaa,
akakipitishia kidole
kama apapasavyo pindo kutafuta uzi uliokatika.

Mkunjo mmoja ukaachia pajini.
Mmoja tu.

"Bahari gani?" akauliza.