Jina la Ng'ombe

Saa tano usiku, Kikuyu. Upepo unasukuma bati
na vumbi la Dodoma linapita chini ya mlango bila hodi.
Nasoma kumbukumbu za seva ya pampu, kule Mzakwe:
kuna mtu anagonga.
Kila baada ya sekunde mbili anagonga,
anajiita mkuu, anajiita mgeni, anajiita jaribio,
hachoki, maana si mtu, ni mashine iliyotumwa.

Na mlango wetu unafunguka kwa jina la ng'ombe.

Mzee Chidosa alilichagua siku pampu zilipounganishwa:
madoa, herufi ndogo, na mwaka alipomtoa mahari.
Akaliandika nyuma ya kalenda ya ofisini.
Mafundi wakalijua, walinzi wakalijua,
hata kijana aletaye dizeli.

Leo nachonga funguo mbili, pacha wasiofanana.
Mmoja ni wa kutangazwa: naupeleka Mzakwe,
naupachika mlangoni, autazame apendaye.
Wa pili haukanyagi njia. Unalala humu kwangu,
na hata nikiapishwa siwezi kuutaja,
siujui kwa moyo.

Najaribu.
Seva inanikataa.

Naulaumu mtandao, naulaumu upepo,
nahesabu herufi mpaka macho yanauma,
kumbe folda nilimouweka nimeiacha wazi,
na seva haiamini orodha inayofikiwa na kila mkono.
Nafunga: mia saba kwa folda, mia sita kwa faili,
yaani mimi, na mimi, na si mwingine.

Mlango unaitika.

Dirisha la kwanza sijalifunga. Hilo alinifunza Chidosa mwenyewe:
usikate kamba uliyoshukia kisimani
kabla hujaishika nyingine.
Ndipo naufikia mstari wa nenosiri,
nafuta ndiyo, naandika hapana,
naiamsha huduma upya, nangoja kwa pumzi moja.

Nje bado wanagonga. Sasa hawaulizwi hata neno.

Kesho, kama kila Jumatatu tangu astaafu,
Mzee atataka kuona kina cha maji
akiwa kwake Hombolo, miwani puani, kidole kimoja kimoja:
ataandika madoa.
Atapiga simu. "Nyemo, mbona inanikatalia?"

Nitamfuata kwa bodaboda, tuchonge ufunguo wake pale pale.
Kalenda nimeikunja, nitamrudishia
na mwandiko wake nyuma,
jina lisilofungua kitu tena,
alisome yeyote.